REDIO IKINYAMAZA BAHARINI
Jinsi ya kutafuta kosa chomboni ili usikose habari za hali ya hewa

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa watu wazima. Yamepigwa chapa ili yasomwe tena katika vikundi vya wasikilizaji.)

MWALIMU: Leo nasema hasa na wavuvi na mabaharia wa vyombo vidogo: wale wa Kunduchi, Msasani, Mbweni na Ununio katika Wilaya ya Kinondoni, na wale wa Mjimwema na Kimbiji, ambako zamani palikuwa chini ya Temeke na sasa pana wilaya yake ya Kigamboni. Lakini wewe usiye mvuvi usiende zako. Huenda mumeo, mwanao au ndugu yako yuko majini usiku huu, na pengine ni wewe utakayemwambia maneno haya atakaporudi.

Jambo letu ni hili: redio inayosema vizuri nyumbani, lakini ikifika baharini haisemi, au inavuma tu, na saa ya kutangazwa hali ya hewa inapita bila mtu kusikia neno. Tunaye hapa nahodha mmoja wa Kunduchi aliyepatwa na jambo hili. Shikamoo, Nahodha.

NAHODHA: Marahaba, Mwalimu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo, mzee. Waeleze wasikilizaji yaliyokupata.

NAHODHA: Ilikuwa msimu wa kusi, usiku wa giza. Tulitoka magharibi na boti yetu, tukaenda mbali kidogo kupita Mbudya, upande wa bahari kuu, tukawasha taa za kuvutia dagaa. Saa mbili usiku nikafungua redio nipate taarifa ya habari na hali ya hewa. Sikusikia neno. Ilikuwa inavuma tu kama karai la mafuta ya kukaangia samaki. Nikawaambia vijana, "Leo stesheni mbovu," nikaizima. Kabla ya usiku wa manane upepo ukatushukia. Mawimbi yakawa yanaingia kwa omo na kwa ubavuni. Tukakata nyavu, tukarudi na roho zetu tu. Kumbe jirani yangu alisikia tahadhari jioni ile, akabaki nyumbani kwake amelala.

MWALIMU: Na redio yenyewe je?

NAHODHA: Hilo ndilo lililonishangaza. Asubuhi nilimpelekea fundi. Akaifungua, ikasema vizuri kabisa. Akaniambia, "Mzee, redio hii haina ugonjwa." Nikalipa, nikarudi nayo baharini, na usiku ule ule ikavuma vile vile.

MWALIMU: Fundi hakukudanganya, Nahodha. Redio yako ilikuwa nzima. Kilichokuwa na ugonjwa ni chombo, na fundi aliye nchi kavu hawezi kuuona ugonjwa uliobaki baharini. Kwa sababu hii baharia lazima ajue kupima mwenyewe, huko huko chomboni. Si kazi ngumu. Hahitaji kujua kusoma michoro ya mitambo. Anahitaji kufuata mpango, kuanzia jambo la karibu mpaka la mbali, na kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

KWA NINI TUJISUMBUE

Kabla ya kueleza mpango huo, tukumbushane faida yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, na redio huusoma, mara nyingi baada ya taarifa ya habari. Kwa watu wa pwani kuna mambo mawili ya kusikilizwa kwa makini. La kwanza ni upepo wa pwani: unatoka wapi na kwa kasi ya kilomita ngapi kwa saa. La pili ni hali ya bahari, yaani ukubwa wa mawimbi. Ikisemwa "upepo wa kusini mashariki", maana yake upepo unaotoka kusini mashariki, si unaokwenda huko. Na pakiwa na hatari, Mamlaka hutoa angalizo. Hatari ikizidi, tahadhari. Na ikizidi sana, tahadhari kubwa.

Mara nyingi onyo husema upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2. Mtu wa bara akisikia kilomita 40 ataona ni mwendo wa baisikeli ikiteremka kilima. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki kama kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, nguvu inayosukuma tanga na ubavu wa chombo huwa mara nne. Basi upepo wa kilomita 40 hausukumi mara mbili kuliko ule wa kilomita 20, bali mara nne. Ngalawa inayokwenda raha mustarehe katika ule mdogo yaweza kupinduka katika ule mkubwa.

Tena wapo wasemao vimbunga si vya kwetu. Ni kweli huja kwa nadra, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuharibu mikarafuu na vyombo bandarini. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kingine kiliipiga Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024 alikuja Hidaya. Safari hii watu walionywa mapema, na meli za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika kisiwani Mafia, na kilipogusa nchi kavu kikapungukiwa na nguvu. Aliyekuwa na redio inayosikika alipata zaidi ya siku moja ya kuvuta chombo chake juu ya mchanga na kukifunga. Aliyekuwa na redio bubu aliachwa na macho yake tu, na macho huuona upepo umekwisha fika.

Sasa tuanze kutafuta kosa.

1. SAA NA STESHENI

Kwanza jiulize: je, ni saa yenyewe, na ni stesheni yenyewe? Wengi hulaumu redio kumbe habari zimekwisha somwa, au mshale umesogezwa na watoto. Iandike namba ya stesheni nyuma ya redio kwa rangi isiyofutika, pamoja na saa ambazo hali ya hewa husomwa. Usitegemee kukumbuka, maana gizani na chombo kikirukaruka mtu husahau hata jina lake.

Na mwenye kusoma karatasi za meli au matangazo ya nchi za nje aangalie jambo moja zaidi. Huko saa huhesabiwa kwa Greenwich, nasi tuko mbele yao kwa saa 3. Pakiandikwa 0900 za Greenwich, kwetu ni adhuhuri, yaani saa sita mchana kwa kuhesabu kwetu. Anayesubiri saa tatu asubuhi atapoteza muda wake bure, na anayesubiri saa tisa mchana atafika wenzake wamekwisha maliza.

2. BETRI NA CHUMVI

Ukiisha kuhakikisha saa na stesheni, tazama betri. Dalili ya betri dhaifu ni kwamba redio huanza vizuri, kisha ukiongeza sauti inakwaruza, inazama, na pengine inakufa. Ukiizima kwa muda inafufuka kidogo. Redio ya betri 4 huhitaji volti 6, kila betri volti moja na nusu. Betri moja iliyochoka huzivuta chini zote tatu, kwa hiyo usichanganye mpya na kuukuu. Badilisha zote pamoja.

NAHODHA: Lakini Mwalimu, nimepata kutia betri mpya kabisa na redio isiseme.

MWALIMU: Basi tazama zinapokaa. Hewa ya baharini ina chumvi, na chumvi hula vile vyuma vidogo vinavyogusa betri. Huota kutu, na shaba huota ukoga wa kijani. Umeme haupiti vizuri katika ukoga huo, hata betri ziwe mpya namna gani. Zitoe betri, ukwangue vile vyuma kwa kipande kidogo cha msasa mpaka ving'ae, upanguse kwa kitambaa kikavu. Kama betri ya zamani imevuja ikaacha unga mweupe, usiuguse kwa vidole vitupu wala usiupulize, maana huumiza ngozi na macho. Chovya kitambaa katika siki au maji ya ndimu kidogo, futa, kisha futa tena kwa maji baridi, ukaushe sana kabla ya kurudisha betri.

Na redio ikianguka majini usiiwashe ili kuijaribu. Hapo ndipo wengi huiua. Toa betri mara moja, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uiache kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Maji matupu hayaharibu redio upesi kama maji ya chumvi yenye umeme ndani yake.

Betri za akiba ziwe katika mtungi wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, usiokaa katika ngama ya chombo.

3. ANTENA

Kama betri ni nzima na redio inavuma lakini maneno ni hafifu, fika sasa kwenye antena. Hapa lazima tujue kwamba redio ya mkononi ina antena mbili, na kila moja ina tabia yake.

Kwa FM, antena ni ule mkia wa chuma unaovutwa. Uvute wote. Mkia wa kiasi cha sentimita 75 ndio unaofaa mawimbi ya FM. Ukivunjika ukabaki kisiki, kipande cha waya cha urefu huo kikifungwa vizuri penye chuma chake kitafaa mpaka utengeneze. Ujaribu ukiwa wima, kisha ukiwa umelala. Wenye kusikiliza FM kwa simu ya mkononi wafahamu kwamba simu nyingi za namna hiyo hutumia waya wa spika za masikioni kuwa antena. Usipouchomeka, au ukiukunja ndani ya mfuko, umeikata antena yako kwa mkono wako.

Kwa masafa ya kati, yaani AM, mkia ule hausaidii kitu. Antena yake imo ndani ya redio, nayo ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, na kwa kawaida kimelala kufuata urefu wa redio. Kijiti hiki husikia vizuri kwa ubavu wake, wala hakisikii kwa ncha zake. Ncha ikielekea kwenye mitambo ya stesheni, sauti huzama. Sasa fikiri chombo kilichotia nanga. Maji yakipwa na kujaa, au upepo ukigeuka, chombo nacho huzunguka, na redio iliyofungwa chomboni huzunguka pamoja nacho. Ndiyo sababu stesheni iliyosikika saa kumi na mbili yaweza kupotea saa mbili bila redio kuharibika. Dawa yake haina gharama: ishike redio mkononi, uigeuze polepole kama mtu anayetafuta upepo, mpaka sauti irudi.

4. KELELE ZA CHOMBO CHENYEWE

Sasa tunafika kwenye ugonjwa wa chombo cha mgeni wetu. Nahodha, zile taa zako za dagaa ni za namna gani?

NAHODHA: Zamani tulitumia karabai. Sasa ni taa za LED, tumezifunga kwenye betri kubwa ya volti 12.

MWALIMU: Na redio ilikuwa wapi?

NAHODHA: Nimeitundika kwenye mti ule ule wa taa, ili nione kusoma namba.

MWALIMU: Ahaa! Basi sikilizeni. Taa nyingi za LED zina kisanduku kidogo ndani yake kinachopima umeme wa kuingia kwenye taa. Kisanduku hicho hufanya kazi yake kwa kuukata na kuuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. Jicho halioni, lakini redio husikia. Kila kukatwa kwa umeme hutupa mawimbi madogo, na waya mrefu unaotoka kwenye betri mpaka kwenye taa huwa kama antena ya kuyatawanya. Stesheni iko mbali makumi ya kilomita, na taa iko mkono mmoja tu kutoka kwenye redio. Taa inamshinda mtangazaji, kama mtu anayepiga debe sikioni mwako wakati mwenzio anakuita kutoka ng'ambo.

NAHODHA: Kwa fundi taa hazikuwako!

MWALIMU: Ndiyo maana redio ikapona. Na karabai haikuwa na kisanduku cha namna hiyo, ndiyo maana zamani hukupata taabu hii.

Jinsi ya kuhakikisha ni hii. Zima kila kitu kinachotumia umeme chomboni: taa, mashine, vyombo vya kuchajia simu. Fungua redio kwa betri zake yenyewe. Mvumo ukiwa umekwisha, kosa limo chomboni. Kisha washa kitu kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja usikilize. Kile kitakachorudisha mvumo ndicho mchawi wako.

Na kila mchawi ana mlio wake. Mashine ya petroli ina plagi zinazotoa cheche, basi mlio wake ni ta-ta-ta-ta, nao huenda mbio ukiongeza moto na kupungua ukipunguza. Mashine ya dizeli haina plagi za namna hiyo, lakini dinamo yake ya kuchajia betri yaweza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Chaja ya simu na taa za LED huvuma mfululizo, wala hazijali mwendo wa mashine. Radi nayo hukwaruza katika AM, kra, kra, kwa nyakati zisizo na mpango. Hiyo usiitafutie dawa chomboni. Ni habari yenyewe, maana yake kuna mawingu ya ngurumo mahali fulani, na pengine huyaoni bado.

Dawa ya kwanza ni ya bure: dakika chache za hali ya hewa zikifika, zima taa na mashine kama chombo kiko salama, usikilize, kisha uwashe tena.

NAHODHA: Dagaa watatawanyika, Mwalimu.

MWALIMU: Ndiyo, huenda baadhi wakatawanyika. Lakini usiku ule ulipoteza nyavu zote, na nusura upoteze vijana. Pima mwenyewe. Na kama hutaki kuzima taa, peleka redio mbali nazo, taa zikiwa tezi, redio iwe omo. Kelele hizi hupungua upesi kwa umbali, na mita mbili tatu zaweza kuleta tofauti kubwa. Tena zile nyaya mbili za taa, ile ya chanya na ile ya hasi, zisukwe pamoja kama kamba, badala ya kuachwa moja hapa na nyingine kule. Zikisukwa, kelele za moja huuawa na za mwenzake. Kwa mashine ya petroli, mwulize fundi wa mashine kama zipo plagi za kupunguza kelele zinazoikubali mashine yako. Usitie plagi yoyote kwa kukisia.

5. UMBALI

Ikiwa saa ni yenyewe, betri nzima, antena nzuri, na chombo kimya, na bado husikii, basi limebaki jambo la mwisho, nalo ni umbali.

Tazama jahazi linalokuja kutoka Zanzibar. Kwanza waona ncha ya foromali, kisha tanga, mwisho mwili wa chombo. Hii ni kwa sababu dunia ni mviringo, na bahari inajikunja kati yako na jahazi. Mawimbi ya FM huenda karibu sawasawa na macho. Kama mlingoti wa stesheni una urefu wa mita 100 juu ya bahari, na redio yako iko mita 1 juu ya maji, mtaonana mpaka kiasi cha kilomita 45. Mlingoti ukiwa wa mita 50, ni kiasi cha kilomita 33. Kupita hapo sauti hudhoofika upesi. Ukiinua redio kutoka mita 1 mpaka mita 4, utapata kilomita 4 zaidi hivi. Kwa hiyo anayekwenda mpaka Fungu Kizimkazi, karibu kilomita 70 kutoka bandari ya Dar es Salaam, asitumaini FM. Asikilize kabla ya kuondoka.

Mawimbi ya AM ni marefu zaidi, nayo hufuata uso wa bahari, kwani maji ya chumvi huyapitisha vizuri kuliko mchanga mkavu. Kwa hiyo mchana huenda mbali kuliko FM. Usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, ndipo stesheni za nchi za mbali huingia na kuvuruga ya kwetu, na sauti hupanda na kushuka. Hapo tena geuza redio, ukielekeza ncha ya kijiti kwa yule msumbufu.

NAHODHA: Na sisi tuliopata ile simu ya upepo ya VHF?

MWALIMU: Nayo huenda kama macho. Vyombo viwili vidogo, kila kimoja na antena ya mita 2 juu ya maji, husikilizana kiasi cha kilomita 11 au 12 tu. Lakini mara nyingi kosa la simu hii si umbali. Kina kitufe cha kunyamazisha mvumo, mara nyingi kimeandikwa herufi SQ. Ukikikaza mno, kinanyamazisha mvumo na watu pamoja, nawe utadhani bahari nzima imelala. Kifungue mpaka mvumo usikike, kisha ukikaze kidogo tu mpaka unyamaze, ukiache hapo. Tazama pia mahali waya wa antena unapoingia kwenye simu. Maji yakiingia hapo, au shaba ikaota ukoga, husikii wala husikiki. Na usikilize chaneli 16, ndiyo ya kuitana na ya shida. Ukikosa utabiri kwenye redio, chombo jirani chaweza kukusimulia ulichokosa.

UKISHINDWA KABISA

Wasikilizaji, liko neno moja ninalotaka mlibebe kuliko mengine yote. Nahodha aliposikia mvumo alisema, "Stesheni mbovu," akaendelea na kazi kana kwamba ameambiwa hali ni shwari. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Redio iliyonyamaza haikusema kwamba hakuna upepo. Haikusema kitu. Usiposikia, hesabu kuwa hujui, na asiyejua hakai mbali na pwani.

Basi fanya hesabu hii. Kama chombo chako huenda kilomita 10 kwa saa, nawe uko kilomita 20 kutoka pwani, wahitaji saa 2 za kurudi bahari ikiwa tulivu, na zaidi upepo ukiwa usoni. Jiulize kama mawingu uyaonayo yatakupa saa hizo. Ukiona shaka, sogea karibu na pwani mpaka redio au simu ipate kusema, usikie, ndipo uamue. Tena kabla ya kutoka, mwachie mtu nchi kavu habari za mahali unapokwenda na saa ya kurudi, ili naye akisikia tahadhari ajaribu kukupigia.

NAHODHA: Mimi nikitoka hapa nahamisha redio, Mwalimu. Na taa nitazizima saa ya habari, vijana wanune wasinune.

MWALIMU: Mungu akuweke. Wasikilizaji, somo letu limekwisha.

MASWALI NA KAZI KWA VIKUNDI

1. Redio inasikika vizuri asubuhi, lakini ikawa hafifu jioni chombo kikiwa pale pale nangani. Taja sababu mbili, na jinsi ya kupima kila moja.

2. Utatambuaje mlio wa mashine ya petroli na mlio wa taa za LED?

3. Kwa nini si vizuri kubadili betri, antena na mahali pa redio vyote kwa pamoja unapotafuta kosa?

4. Leteni redio moja ya AM kikundini. Mpate stesheni, kisha mwigeuze polepole mzunguko mzima. Sauti imezama mara ngapi? Redio ilielekea wapi kila mara?

5. Leteni taa ya LED na betri yake. Wekeni redio karibu, kisha sogeeni nayo hatua moja moja. Mvumo umekwisha kwa hatua ya ngapi? Mpime kama chombo chenu kina nafasi hiyo kati ya omo na tezi.